Kijiti Kilichobaki Garini

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata ukiwa umemkasirikia. Nami nimekukasirikia kweli.

Ripoti ya uchunguzi imetoka. Injini ilikuwa nzima. Hakuna kilichovuja. Matangi ya kandege kako yalikuwa makavu, Baba, yote mawili, na uwanja unauona mbele yako! Miezi yote hii naambiwa kazi ya Mungu haina makosa, kumbe mafuta yaliisha.

Wewe! Wewe uliyesema geji ya mafuta ni shahidi wa kununuliwa. Nilikuwa na miaka tisa uliponipandisha kwenye bawa, nikatumbukiza ndani ya tangi kile kijiti ulichochonga kwa mti wa kahawa wa Babu, tukasoma unyevu umefika wapi. "Usiruke kwa kukumbuka," ulisema, "ruka kwa kuona." Juzi nimekikuta nyumbani Njiro, chini ya kiti cha gari lako, kimejaa vumbi. Gari lenyewe tulilisukuma mara ngapi na nguo za kanisani, kwa sababu taa ya mafuta inawaka na wewe unasema, "Itafika tu"? Nilidhani ubishi huo unauacha getini pa uwanja.

Kinachoniuma zaidi ni Fundi Elia, aliyekuwa akikutengenezea ndege. Asubuhi ile alikuuliza kama umepima, ukampungia mkono, ukawasha injini. Alilisema hilo tangu msibani, hakuna aliyemwamini. Mama alimwambia mbele ya watu wote, "Umeniulia mume." Wenye ndege wakamkimbia. Siku hizi anatengeneza pampu za maji kwenye mashamba ya maua, Usa River. Na mimi, niliyekujua, nilinyamaza. Nilitaka kosa liwe la mtu yeyote ila wewe.

Jana nilimsomea Mama ripoti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwache baba yako apumzike." Nikamuuliza, na Fundi atapumzika lini? Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Leo nimepanda kwa Babu. Nakuandikia hapa migombani, kando ya kaburi lako. Isale tuliyokupandia imeshika vizuri. Unajua huku kwetu mlimani, anayekuja na jani la isale kuomba msamaha hafukuzwi. Nimekata moja, nimpelekee Fundi kesho kwa niaba yako. Wewe ndiye unayeomba, mimi mbebaji tu.

Nilipokuwa nafuta kisu, Mama, aliyeambiwa na Babu nilichofuata huku, akapiga simu. Hakusalimia. "Kata mawili," akasema, "la pili nitalibeba mwenyewe."

Basi lala, Baba. Nakuahidi, kila aliyekuwepo msibani atausikia ukweli kutoka kinywani mwangu, jina la Fundi lisafike, hata kama lako litapata doa. Kijiti nitampa yeye.

Nakupenda. Lakini ungepima tu, Baba. Ungepima tu.

Binti yako,
Neema