Aliulizwa Baba

Ulemo, Jumatano

Tena alimuuliza baba, siyo mimi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na magongo yangu, mbele ya meza ya afisa elimu.

"Mzee, huyu binti na mguu huu, chuo cha ualimu ataweza? Siku hizi ni kujitegemea. Wanafunzi wanalima wenyewe, wanachota maji wenyewe."

Baba hana Kiswahili kingi. Akasema, "Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Afisa akanigeukia. Nikasema, "Nitaweza." Akanitazama kidogo. "Haya, utakwenda."

Nilidhani siku nikilisikia neno hilo nitalia, au nitacheka. Sikuhisi kitu. Baba alinipakia kwenye baiskeli tukarudi.

Mama ndiye aliyelia, huku anasonga ugali wa uwele. "Nani atakuchotea maji huko, mwanangu?"

"Nitachota mwenyewe, mama."

Akaendelea kusonga. Tangu mguu upooze nikiwa mdogo, sijawahi kubeba ndoo ya maji hata mara moja, naye anajua.

Kesho nitakwenda naye kisimani. Sijui ndoo nitaishika kwa mkono upi.