Kadi ya Neno "Sana"

Jumatatu, 3 Machi

Sadfa: vitu viwili kufanana pasipo nasaba. Katika kazi ya kamusi, kuigeuza sadfa kuwa ukoo ni kosa la aibu. Nimewafundisha wengine hivyo miaka ishirini na sita.

Leo imefika barua ya msomaji. Tumechapisha kwamba "sana" yetu imetokana na "sana" ya Kiarabu, yaani mwaka. Anauliza, kwa adabu inayochoma, mbona tumewasahau Wafini, ambao "sana" kwao ni neno, na Wahispania, ambao kwao ni mwanamke mwenye afya. Au hao si ndugu?

Ushahidi hatuna. Umbo tu.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi kauliza nani aliandika kidahizo hicho, yaani maelezo ya "sana" kamusini. Daftari la kazi linamtaja Sindano, msaidizi wangu, niliyemfundisha mwenyewe. Jina kalipata kwa kuchomachoma makosa ya watu. Nilikuwepo alipotajwa. Nikanywa chai.

Baadaye nimefungua kabati la kadi, nikaitoa ya "sana". Mwandiko wake: "Asili haijulikani." Umekatwa kwa wino wa kijani, na Kiarabu kimeandikwa juu yake. Kijani ni changu peke yangu.

Kadi nimeitia mfukoni.

Jumatano, 5 Machi

Wanamtania. Mpiga chapa kamuuliza ana sana ngapi kazini. Kacheka nao, kisha kaja kwangu: labda kweli alikosea, hakumbuki, ila kadi haioni.

Tukaitafuta. Saa nzima, droo kwa droo, mimi nimepiga magoti kando yake — nayo i mfukoni mwangu! Akanipangusa vumbi begani.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna la kuandika. Uongo. Lipo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkataba wake unaisha leo. Mkurugenzi kaniletea fomu ya tathmini: nikiandika kwamba kosa ni lake, hauongezwi. Anaitaka kabla ya saa kumi.

Sindano kapita na boksi tupu. Kanirudishia vitabu vyangu vitatu, vimefutwa vumbi vizuri.

"Mwalimu, usijisumbue kunitetea. Aliyekosa akosolewe. Si ndivyo ulivyotufunza?"

Sasa ni saa tisa na nusu. Kadi iko mezani, juu ya fomu. Ofisi ya Mkurugenzi ni mlango wa tatu, namsikia akikohoa. Kosa la wino nina jina lake: haraka, na kiburi kidogo. Hilo naweza kuliungama nikiwa nimesimama wima. Lakini ile saa ya Jumatano, nimepiga magoti, natafuta pamoja naye — hiyo nitaiitaje?