Funguo za Mzee Lifti

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Mazoezi tena. Klabu yetu ya kuelimishana kuhusu Ukimwi ni wasichana watupu, na kwa urefu wangu huu mimi ndiye Mzee Lifti katika igizo letu. Anawapakia wanafunzi garini, anawanunulia chipsi, mwisho anawaambukiza. Madam Mollel kasema natembea kama kuku aliyenyeshewa. Nitafute mwanaume halisi nimwige. Nyumbani yuko mmoja.

Jumatano, 9 Septemba
Nimemwiga Baba. Tumbo mbele, kukohoa kidogo kabla ya kuitikia salamu, funguo zinazungushwa kidoleni. "Marahaba mwanangu, unaelekea wapi?" Upendo, anayeigiza mwanafunzi, kacheka mpaka kasahau kukataa lifti. Tukifanya vizuri tunakwenda kuigiza chuoni Olmotonyi. Sijawahi kusifiwa shuleni kwa lolote. Raha!

Alhamisi, 10 Septemba
Nimekwisha. Mgeni rasmi wa onyesho letu la Jumamosi hapa shuleni ni Baba! Katoa kreti za soda, wakampa heshima hiyo. Na siku aliponiruhusu kujiunga alisema wazi: aibu moja tu, klabu basi. Nimemwomba Madam nibadilishe mwendo. Kagoma. Eti mzee ndiye huyu huyu.

Jumamosi, 12 Septemba
Niliingia na koti la mtumba, mto tumboni, na funguo za stoo ya Mama. Ukumbi ukalipuka. Aliyecheka kuliko wote ni Baba. Alifuta machozi kwa tai. Kwenye hotuba akasema, "Wazee wa namna hii tunawajua, wamejaa humu humu mjini!" Makofi. Nikamshukuru Mungu, hajajitambua.

Kisha akashuka jukwaani. Tumbo mbele. Upendo akamwamkia, "Shikamoo." Akakohoa. Akazungusha funguo.

"Marahaba mwanangu, unaelekea wapi?"

Halafu kicheko ambacho sijawahi kukisikia maishani. Baba akageuka, akanitazama mimi na mto wangu. Mama hakuwa amecheka tangu mwanzo.

Jumapili, 13 Septemba
Kutoka kanisani hadi nyumbani Lemara, ndani ya pikap Mama aliangalia nje ya dirisha tu. Mama kapika machalari, ndizi kwa nyama, hakuna aliyeongeza. Klabu ndiyo basi. Nimelia. Ila kuna kinachonitisha zaidi. Mimi niliiga mwendo na funguo tu. Mbona Mama ananitazama kama vile niliiga na mengine?

Jumatatu, 14 Septemba
Wasichana wa Kidato cha Pili wananiamkia shikamoo. Wapuuzi.

Jumanne, 15 Septemba
Baridi. Baba kanikuta jikoni nakunywa chai. Kaniuliza yule mzee wetu anaishiaje. Nikasema anaugua. Au anaacha mapema, anakwenda kupima, anajua moja. Kauliza kama kupima kunauma. Nikamwambia wanatoa damu kidogo tu. Nilitamani kumkasirikia, nikashindwa. Nilimwonea huruma, na niliogopa.

Akasema Olmotonyi niende. Ila, akasema, funguo za stoo hazina mlio. Akachomoa ufunguo wa pikap kwenye shada lake, akautia mfukoni. Zilizobaki, na pete yake ya kuzishikia, akaniachia mezani.

Katoka. Bila mlio wa funguo, sikumsikia hata akifika getini.