Baba Hakumaliza Sala

Keza, Ngara

Baba mdogo Ndizeye, shikamoo.

Huku mahindi yamekauka kabla ya kubeba, ila maharage tumepata kidogo. Baba alifariki Jumatano, na jana tulimzika. Sikukupigia simu kwa sababu mwenyewe alinikataza.

Wiki mbili alijiandaa kufa. Alimwomba mama radhi kwa vipigo vya zamani, mama akalia. Lakini padre alipokuja na komunyo, baba aliikataa.

"Padre, tulipokimbia Burundi, ndugu yangu Ndizeye alimwachia mwanangu mkono mtoni Ruvubu, maji yakamchukua mtoto. Nikisema nimemsamehe, nitakuwa namdanganya Mungu."

"Mwombe Mungu akusaidie, mzee Fideli."

"Nimemwomba miaka yote hii. Hakunisaidia."

Nilimkumbusha kwamba maji yalikuwa mengi, nawe ulikuwa na miaka kumi na minne tu. Akasema anajua.

Jumatano asubuhi aliniomba tusali Baba Yetu. Tulipofika pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza, akageukia ukutani. Nikamalizia peke yangu. Kabla ya saa sita akakata roho.

Ningependa sana kukuandikia maneno mengine, baba mdogo. Katekista ananiambia huruma ya Mungu ni kubwa. Namwitikia amina, kisha nabaki na hofu yangu. Sijui baba yuko wapi sasa, na wewe sijui nikuombee nini.

Ni mimi mwanao,
Consolatha