Yenye Taa au Isiyo na Taa

Jumapili, Kasongo. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa, saa tisa alasiri, haijachoka. Bati linapiga kelele hata nikiimba sijisikii. Nimeimba hata hivyo. Hakuna wa kunicheka.

Leo lazima niamue. Papa Amuri, mfanyabiashara wa mtaa wetu, yuko Lubumbashi na kesho asubuhi anaanza safari ya kurudi. Amenitumia picha za liseuse mbili na anangoja jibu langu. Liseuse, kwa asiyeijua, ni kifaa kama kibao cha mtoto wa shule: unajaza vitabu ndani yake, mamia, ukasoma kimoja kimoja. Kioo chake hakimeremeti kama cha simu, kinafanana na karatasi. Chaji yake inakaa wiki kadhaa, na kwa sisi tunaotegemea paneli ndogo ya jua juu ya paa, tena msimu huu wa mvua, hilo ni jambo. Halafu herufi unazikuza upendavyo. Mimi ni fundi cherehani. Macho yangu yameishia kwenye tundu la sindano.

Liseuse ya kwanza ni mpya na ina taa ndani yake. Ya pili imeshatumika, haina taa, kona moja imekwaruzwa, na pembeni ina vitufe viwili vya kufungulia ukurasa. Ile mpya itakomba akiba yangu yote. Hii kuukuu itaniachia karibu nusu.

Jana jirani yangu Mama Asha alikuja kuchukua blauzi yake, nikamwonyesha picha. Akaigeuza simu huku na huku kama anayetafuta kasoro ya mshono.

"Sasa hii kitu haipige musiki, haipige foto, haiite mutu. Utafanya nayo nini?"

"Nitasoma."

"Peke yako?"

Akachukua blauzi yake akaenda. Hakuwa na ubaya. Ndiyo kawaida yake, anachoma halafu anasahau kama amechoma.

Ndiyo, Mama Asha. Peke yangu.

Sikuzoea kusoma peke yangu. Kwa miaka kumi na mmoja nilisoma na Mwavita, mwalimu wa shule ya msingi, nyumba ya tatu kutoka hapa. Vitabu tulivipata sokoni kwa mama wa mandazi, anayenunua karatasi kuukuu za kufungia. Tulikuwa tunamwahi asubuhi kabla hajaanza kuchana. Kitabu kimoja na wasomaji wawili, ninyi mngefanyaje? Sisi tulikikata. Mimi nilikitenganisha mgongoni kwa wembe, nikapata vipande vitatu au vinne, kila kimoja nikakishonea jalada la kitenge kilichobaki kwa wateja. Anayesoma kwanza akimaliza kipande anampa mwenzake, naye anaendelea na kinachofuata. Kitabu kingine tunabadilishana zamu.

Mwavita alikuwa na ulimi usiofungika, alikuwa anasimulia mbele. Ndipo nikaanza kufunga kila kipande kwa uzi ukingoni, mishono saba. Msomaji wa kwanza anakata uzi mwekundu. Akimaliza anakileta, nakifunga tena kwa uzi wa bluu, wa msomaji wa pili. Mpaka uzi wa bluu ukatwe, ni marufuku kusema lolote. Nilikuwa namwona kanisani kwenye arusi za watu, yeye Mwislamu aliyekuja kula pilau, ananikazia macho kutoka upande wa pili, hadithi imemjaa mdomoni. Nilikuwa nacheka mpaka naaibika.

Miezi saba iliyopita mume wake alipata duka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwavita aliniambia siku tatu tu kabla ya kuhama. Tulikuwa katikati ya kitabu, zamu yake ya kuanza, na kilibaki kipande cha mwisho. Siku ya safari alikuja kuniaga, kipande amekishika kwapani.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Sikumsindikiza. Kwetu hata mgeni aliyekaa saa moja anasindikizwa mpaka barabarani, mnatembea mnaongea, yeye anasema rudi sasa, wewe unasema hatua mbili tu. Mimi nilibaki nimekaa kwenye cherehani. Nilimwambia nina nguo za arusi za kumaliza. Kweli zilikuwepo, ila arusi yenyewe ilikuwa ya mwezi uliofuata. Nilikuwa na hasira. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie pikipiki ikiondoka, na nikaisikia.

Wiki tatu zilizopita dereva mmoja wa pikipiki anayefanya njia ya Kabambare alisimama mlangoni, matope mpaka magotini.

"Mama Bernadeta, iko muzigo yako toka Salamabila. Mama Mwavita anasema ni wewe utaanza."

Basi. Nilimuuliza alisema nini tena, akajibu hajui, ana mizigo ya wengine. Nikafungua kifurushi. Kilikuwa kile kipande cha mwisho, na mishono yangu saba myekundu ilikuwa mizima. Miezi yote hiyo hakusoma hata ukurasa.

Nikaelewa hivi: amejitoa. Ananirudishia vitu vyangu kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani waliyegombana naye. Siku ileile nilimwendea Papa Amuri nikamwomba aniangalizie liseuse huko aendako. Nilijiambia kifaa kama hicho hakihami na mume wake. Hakikatwi vipande, na hakina haja ya mtu wa pili. Nilijiona mwerevu sana.

Leo baada ya misa Papa Amuri amenitumia ujumbe wa sauti. "Mama, chagua haraka. Na uniandikie majina ya vitabu unavyovitaka, mwenye duka ataviingiza vyote hapa hapa, usisumbukie enternete."

Nikachukua kalamu. Nikataka kuanza na kitabu chetu. Nilijua ninachofanya: nilitaka kuusoma mwisho wake kwa siri kwenye kioo, nikiacha uzi mzima kabatini, ili nisiwe nimekata wala nimesubiri. Hiyo ndiyo hila niliyoifikia.

Kalamu ikasimama. Kitabu kile hakina jina.

Jalada na kurasa za mwanzo zilishakwenda na mandazi ya watu kabla hatujafika. Kinaanza katikati ya sentensi. Mwandishi simjui. Ninachojua ni kwamba kuna mwanamke mwenye nyumba ya wageni kwenye mji wa baridi, amemficha kaka yake darini, na mgeni mmoja ameanza kusikia hatua. Papa Amuri azunguke Lubumbashi yote akiuliza kitabu cha hatua za darini? Duniani kote, mwisho wa kitabu hicho ninaoweza kuupata ni mmoja, uko kabatini, umeshonwa.

Nimekitoa kipande nikakiweka mapajani. Nimekaa nacho mvua ikinyesha. Na yale maneno ya dereva yamenirudia, safari hii bila hasira yangu juu yake. Ni wewe utaanza.

Zamu ilikuwa yake. Mwavita, asiyeweza kushika hadithi mdomoni hata siku mbili, alikaa na mwisho wa kitabu miezi sita na zaidi bila kuukata, halafu akanipa mimi zamu. Mtu aliyejitoa hakwambii uanze. Angesema chukua kitabu chako. Akikwambia anza, naye yupo nyuma yako anangoja kufuata.

Wiki tatu amengoja jibu. Mimi nimekaa hapa nachagua taa.

Nimelia kidogo, niseme ukweli. Halafu nikampigia, simu haipatikani, kama siku zote huko machimboni. Nikamwandikia Papa Amuri: niletee ile kuukuu, isiyo na taa. Amejibu kwa mshangao, eti Mama, ile nyingine ndiyo nzuri, utajuta. Najua ni nzuri. Lakini nitasomea mlangoni, kwenye mwanga wa mchana ninaoshonea nguo, na nusu itakayobaki inatosha kiti cha pikipiki mpaka Salamabila, kwenda na kurudi. Njia ikikauka ni safari ya siku moja. Mvua ikiendelea hivi ni mbili, na kuna mahali abiria anashuka kusukuma. Nitasukuma.

Inawezekana asifurahi kuniona. Inawezekana aniache nimesimama dukani huku akiwapimia wachimbaji mchele, aseme ana kazi nyingi, kama nilivyomwambia mimi. Atakuwa na haki. Sina neno nililoliandaa, na mimi si mtu wa maneno mazuri. Nitamwambia tu nimekuja kumsindikiza, nimechelewa miezi saba.

Mvua imepungua. Mama Asha anafagia maji uani kwake, anaimba wimbo uleule niliokuwa naimba mimi. Kumbe alinisikia.

Mvua ikikatika siku mbili, naondoka. Kipande kiko tayari kwenye mkoba, mishono saba haijaguswa. Nimeweka na mkasi. Nimeweka na uzi wa bluu.