Nyama Uliyoiacha kwenye Friza

Mama,

Jumapili tuliondoa matanga. Nilitaka kukuandikia siku ileile, nimeweza leo tu.

Watu walijaa hadi kwenye ngazi za fleti. Kanisa zima lilikuja, hata wale wa mtaa wa Queensburgh uliokuwa ukisema wanakuja harusini tu. Na wote walikuwa wakiulizana jambo moja, kama leo watapata makaroni ya Mama Neema. Unakumbuka ulivyojivunia? Yule bibi Mswidi, mama mkwe wa bosi wako kule Westville, alikufundisha mara moja tu, ukarudi nayo nyumbani kwa taksi kichwani mwako: nyama ya kusaga unaiviringa vidonge vidogo, unavikaanga, unavichanganya na makaroni na mchuzi wa krimu, jibini juu, halafu oveni. Kungumanga ya kutia kwenye nyama ulikuwa ukiinunua sokoni Warwick, kwa sababu ya duka la karibu ulisema inanuka vumbi.

Mimi sikupika. Mwenye msiba hagusi sufuria, unajua. Nilikaa kwenye godoro sebuleni huku akina mama wakihangaika jikoni mwako. Mara nikasikia mlango wa friza. Nikainuka. Mama Zawadi wa kanisani akanirudisha kwa mkono begani, akanikalisha kama binti yake: "Ikala tu, ma fille. Iko nyama mingi kwa friza, Mama yako alituachia. Mungu ni mukubwa."

Ningesemaje? Kwamba vile vidonge, mifuko sita, uliviviringa Jumamosi ile kwa ajili ya sherehe ya kanisa, na Jumatatu ukaenda hospitali usirudi? Kwamba kila asubuhi nilikuwa nafungua friza nikavitazama tu, nikafunga? Wangeniona nimechanganyikiwa. Nikakaa. Nikasikia mafuta yanalia, nikasikia harufu ya kungumanga, nikalia mimi pia, wakadhani ni kilio cha kawaida cha matanga.

Chakula kilipokuja, nilipewa sahani ya kwanza. Kabla sijala, nikasikia watu wanaulizana kwa sauti ya chini, kwa heshima. Mchuzi mtamu, makaroni sawa, lakini nyama yenyewe... Kaka mmoja wa kwaya akasema, "Eish, hii inaomba chumvi kidogo." Kikopo cha chumvi kikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Mama Zawadi aliona haya, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Kosa si lake. Tangu daktari akukataze chumvi kwa ajili ya presha, hukuuamini tena ulimi wako. Kila mara ulikuwa ukikaanga kidonge kimoja kwanza, unakiweka kwenye kisahani, unaniita: "Neema, kuya uonje chumvi." Mimi naonja, nasema ongeza kidogo, nawe unaongeza, ndipo unaviringa vingine. Jumamosi ile uliniita. Nilikuwa chumbani na simu. Nikasema nakuja. Ukaniita tena. Nikasema nakuja, Mama, kwa ile sauti yangu mbaya unayoijua. Jioni nilikikuta kidonge kwenye kisahani, kimepoa, mafuta yameganda. Nikakitupa. Sikufikiri lolote.

Watu themanini walikula, wakaongeza chumvi, wakakusifu. Hakuna aliyejua ila mimi. Nilitamani kusimama niwaambie, nikaendelea kula.

Friza sasa imebaki na barafu tu. Sina la kufanya nayo. Mama Zawadi ameniomba nimsaidie kupika Pasaka, nimekubali, ingawa sijui nitaanzia wapi. Nakuahidi hili moja: yeyote atakayeniita jikoni, nitakuwa nimeshainuka kabla hajamaliza kulitaja jina langu.

Pumzika, Mama yangu. Kikopo kiliponifikia nilikipitisha tu. Nilikula vidonge vyote kama ulivyoviacha.

Nimeonja. Ongeza kidogo.

Neema