Haya ya Kuchoka

Mwenzangu, nimekwisha.

Ile gari niliyoilipia kianzio wiki jana, leo nimeenda kuichukua, muuzaji ananiambia bei imepanda. Eti ile ya mwanzo ilikuwa ya gari bila kadi ya umiliki. BILA KADI! Gari bila kadi nifugie kuku?

Nikabishana mpaka sauti ikakauka. Kianzio harudishi ng'o. Mwisho nikashusha pumzi, nikasema, "Haya."

Haya ya kuchoka, mwenzangu! Haya ya "Mungu anakuona"!

Yeye akanidaka mkono, meno yote nje: "Tumekubaliana, dada! Umesema haya!" Na fundi wake pale pale: "Hata mimi nimesikia."

Haya!!

Najua utaniambia nirudi kesho nikadai haki yangu.

Haya.